Ini Langu Lilikuwa Zima

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, na mniwie radhi kwanza!

Nasema mniwie radhi kwa sababu ushuhuda huu ulipaswa kutoka kabla ya Pasaka. Mhariri wa gazeti letu la kanisa amenikumbusha mara nyingi, kwa upole wake wote, na kila mara nimempa makala nyingine: moja kuhusu kufua mapazia, moja kuhusu kuchemsha maji, na moja, Mungu anisamehe, kuhusu adabu ya mezani. Mnaosoma makala zangu mnajua kwamba naweza kujaza kurasa tatu juu ya kijiko. Lakini jambo alilonitendea Bwana liko sehemu ya mwili ambayo kalamu yangu inaikimbia. Niko peke yangu mezani, mlango nimeufunga, hakuna anayeniona, na bado uso unawaka moto. Basi nitaandika hivyohivyo, uso ukiwaka.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu. Nafundisha wasichana kushona na usafi wa nyumba katika shule ya misheni. Tunakaa hapa jijini, katika mtaa wetu uitwao Kenya, nyumba yenye veranda ndogo na maua mawili ya kujivunia, mimi na mume wangu, ambaye ni karani wa reli, na watoto wetu mapacha, Kyungu na Kabange, ambao sasa wanaanza kunizidi urefu. Tulikuwa watu wa heshima. Majirani walituma binti zao kuja kutazama jinsi ninavyotandika kitanda.

Maumivu yalianza baada ya kuwazaa hao wawili. Yalikuwa chini kabisa ya tumbo, ndani, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa na hataki kuiachia. Mwanzoni yalikuja na siku zangu na kuondoka nazo. Baadaye yakaacha kuondoka. Nilijifunza kupiga pasi goti moja likiwa juu ya kigoda. Nilijifunza kufundisha nimekaa, nimeshika ukingo wa meza, nikiwaambia wasichana kwamba mwalimu mzuri hatembeitembei darasani. Sketi zangu zote zikawa nyeusi au za buluu nzito, na wanawake wa kanisa wakasifu kiasi changu katika mavazi! Na damu, ndugu zangu, ilikuwa nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Na mume wangu alijifunza kulala akitazama ukuta. Walio katika ndoa wameelewa. Wengine waombe tu.

Watu walipouliza ninaumwa nini, nilisema ini.

Mnicheke tu. Nililichagua ini kwa sababu ni kiungo cha heshima. Hata mchungaji ana ini. Mtu anaweza kulitaja mbele ya wakwe, mbele ya wazungu, mezani. Akina mama wa sala, wanaokutana kila Alhamisi, wakalipokea ini langu kama mzigo wao. Mama Debora, kiongozi wao, mama mwenye sauti ya kufukuza mbwa, aliweka mkono hapa chini ya mbavu za kulia na kukemea kila kitu kilichothubutu kuligusa. Walifunga kula. Walilia. Mimi niliitikia amina, huku maumivu yenyewe yakiendelea na kazi yake shibiri mbili chini ya mkono wa Mama Debora, bila kusumbuliwa na mtu. Na Mungu ni mwaminifu, ndugu zangu! Daktari alipokuja kulipima ini hilo alisema hajaona ini zuri kama lile.

Nilifikaje kwa daktari? Kwa aibu. Nilikuwa nafundisha kukata kola ya shati. Nikasimama kuonyesha mkasi unavyopita, na kitu kikanikata ndani kabla sijakata kitambaa. Nilianguka mbele ya wasichana wote. Waliponiinua, ile sketi nyeusi niliyoitegemea miaka yote ilikuwa imeshindwa kazi yake, na sakafu ya darasa, sakafu niliyowafundisha kuipiga deki kila Ijumaa, ilionyesha kila kitu. Msichana mmoja alivua kitambaa chake cha kichwa akanifunika. Nilifumba macho ili wasijue kwamba nawaona wakiniona. Wakanipakia kwenye kamyo ya misheni mpaka hospitali ya Weusi.

Daktari alikuwa mzungu, na aliyetafsiri alikuwa infirmie, yaani muuguzi wetu, Bwana Ilunga. Ndiyo, Ilunga yuleyule mnayemsikia akiimba besi kila Jumapili! Katika jiji zima, Mungu alinichagulia mtu ambaye hukaa mstari wa pili nyuma yangu kanisani.

"Mama, munganga anauliza, maumivu iko fasi gani?"

"Mwambie ni ini."

Daktari akapapasa, akagonga, akasema neno.

"Anasema ini yako iko muzima kabisa."

"Aangalie tena."

Daktari hakuangalia tena. Alishusha mkono, akabonyeza chini, nikapiga kelele ambayo nadhani waliisikia stesheni. Akasema maneno kwa Kifaransa, nami Kifaransa nakijua kiasi, nikajifanya sikijui.

"Munganga anasema," Ilunga akatafsiri, akitazama dirisha, "kama ile ni ini, basi ilifanya safari ya mbali."

Ndugu zangu, hata katika hali ile nilitaka kucheka, na kucheka kuliuma.

Kisha yakaja yenyewe. Ilunga aligeuka kutoka dirishani akatazama dari. "Anasema, Mama, mule mu... mu nyumba ya batoto, muko bivimbe. Bingi. Njo binakuumiza, njo binamwaga damu. Dawa hazitabimaliza. Anasema anaweza kuikata na kuitoa."

"Kuitoa nini?"

"Ile nyumba, Mama."

"Vivimbe tu?"

"Nyumba yote. Na hautazala tena." Akarudi dirishani. "Anasema si lazima leo. Uwaze, uje na bwana yako. Lakini anasema kama unabakia hivi, damu itaendelea kukutoka, na siku moja tutakuchelewa."

Mimi na besi ya kwaya yetu tulishindwa kutazamana. Nilirudi nyumbani na chupa ya dawa ya kuongeza damu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa gumu. Msije mkafikiri niliogopa kisu tu. Kisu niliogopa, sitasema uongo. Lakini kwetu sisi Baluba, mtoto anayefuata mapacha hapewi jina na wazazi. Jina lake linajulikana kabla hajatungwa mimba. Liko tayari, linamngoja. Mama aliyezaa mapacha bila kumzaa huyo wa kufuata ni kama mtu aliyeanza sentensi na kunyamaza katikati. Kwa miaka yote hiyo ukoo wa mume wangu ulikuwa ukisubiri sentensi yangu iishe. Shangazi zake walinisalimia tumbo kwanza, uso baadaye. Na mimi mwenyewe, ndugu zangu, nilikuwa nikimwita mtoto huyo kwa jina lake nikiwa peke yangu, nikikunja nguo. Nilikuwa nimemshonea kofia. Sasa mtu aniambie nikalale mezani, nimfungie mlango kwa hiari yangu mwenyewe?

Kulikuwa na jambo jingine, na hili linanitia haya kuliko damu ya darasani. Mapacha walipozaliwa, mama mkwe wangu alipanda treni kutoka Bukama na wanawake wenzake kuja kuwaimbia. Mnazijua nyimbo za mapacha. Ni matusi matupu: wanamwimbia mama na baba viungo vyao mbele ya watu wote, wanacheka, wanacheza, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, kwa sababu ndivyo mapacha wanavyopokelewa. Mimi nilisimama kwenye veranda yangu nikasema hii ni nyumba ya Kikristo. Mama mkwe alinitazama, akatazama maua yangu mawili, akawapungia wenzake mkono, wakarudi stesheni bila kuimba. Na maumivu yalipoanza, mimi mwalimu, mimi niliyewafundisha wasichana habari za vijidudu kwa picha, nilianza kuamini kwa siri kwamba ni zile nyimbo. Kwamba zimekwama ndani yangu. Mchana niliandika makala dhidi ya ushirikina, na zilikuwa makala nzuri.

Mume wangu alipoambiwa maneno ya daktari alikaa akizungusha kofia mikononi.

"Na mama atasema nini?" akauliza.

Nilisikia katika swali lile hatua za mwanamke mwingine akiingia kwenye lupango langu, uani kwangu, na sanduku lake. Basi nikamwambia sitakatwa. Nitamngoja Bwana. Nikasema kwa sauti nzuri, na mistari miwili ya Maandiko, na mume wangu akainamisha kichwa. Ndugu zangu, haikuwa imani! Ilikuwa haya na hofu, nimezivika nguo za Jumapili. Imani ya kweli ninaiheshimu, nami nimemwona Mungu akiponya kwa neno. Lakini mimi sikuwa namngoja Mungu. Nilikuwa namngoja mtu yeyote aje kuamua badala yangu, nipate kumlaumu.

Akaja.

Ilikuwa Alhamisi, akina mama wa sala wamejaa sebuleni, Mama Debora ameweka mkono palepale chini ya mbavu na yuko katikati ya kukemea. Nilikuwa nimetoka hospitali na kuwaambia daktari amethibitisha ni ini. Harufu ya samaki wakavu wa mto Lualaba iliingia kwanza, halafu kikapu, halafu mama mkwe. Mume wangu alikuwa ametuma mtu wa treni amwite, wala hakuniambia. Alikuwa amempokea stesheni, akamweleza yote njiani, na sasa alibaki nje ameshika baiskeli, kama mtu aliyewasha kiberiti na hajui kitaungua nini.

Mama mkwe alingoja amina. Ana adabu.

"Bamama, jambo yenu. Munaombea nini?"

"Tunaombea ini ya Mama Kyungu," akasema Mama Debora.

"Ini!" Akaweka kikapu chini. Akanitazama. "Ini gani? Weye, uliambia bamama hawa ni ini?"

Nilitazama kikapu chake.

"Bamama, muniachilie. Huyu ni mama ya mapasa. Mama ya mapasa anakufa juu ya kuona haya? Mutoto wangu kule inje anaogopa hata kutaja. Ananiambia 'kule chini, mama, kule chini.' Kule chini ni muji ya Kipushi? Ni Sakania?" Na akalitaja. Akataja sehemu, akataja na jirani zake, kwa majina yao ya Kiluba, na ili asiyejua Kiluba asikose, akarudia kwa Kiswahili. Mhariri hatayachapisha, nami sitamlazimisha.

Kisha akaimba.

Aliimba nyimbo zile nilizozirudisha Bukama. Alikuwa peke yake, mwanamke mzee mwenye miguu iliyovimba kwa safari, akapiga makofi akaimba jinsi mlango wangu ulivyo mpana kama stesheni, abiria wawili wameshuka kwa treni moja bila kugusana mabega. Aliimba kwamba mwanawe huyo karani hata hesabu hajui, alitaka mmoja akaandika wawili. Nje, baiskeli ilianguka. Akina mama wa sala walifunika nyuso kwa vitambaa, na nikaona vitambaa vinatikisika. Mimi nilikuwa naungua kwa aibu, ndugu zangu, natafuta shimo la kuingia. Na katikati ya aibu ile, kicheko kikanitoka. Kikauma mpaka nikashika tumbo, na mara hii nililishika mahali penyewe, mbele ya wote.

Hapo Mama Debora akaondoa kitambaa. Alikuwa hacheki.

"Na miye," akasema.

"Na weye nini, mama?"

"Niko na ile. Ile ya kule chini. Tangu mutoto wa mwisho. Miye nilisemaka ni mugongo."

Mwingine akasema yeye alikuwa akiuita upepo. Wa tatu alilia tu, na mwenzake akamshika. Bwana Yesu! Tulikuwa tumekutana kila Alhamisi tukiuguza viungo vizima vya wenzetu!

Nilipopata pumzi nilimwuliza mama mkwe kilichokuwa kinanitafuna. "Mama, ni juu ya zile nyimbo? Nilikukataza, njo ninaumwa?"

Alinishangaa kweli. "Nyimbo inaumizaka muntu? Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika mpaka stesheni ya Likasi. Kisha nikalala. Na weye ulisoma masomo yote ile, unawaza vile?"

"Na mutoto wa kufuata? Jina lake?"

Akakaa. Nikaona kwamba naye alikuwa amemngoja. "Ile jina ni jina ya ndugu yangu. Nilitaka kuisikia ikiitwa tena mu lupango." Akajipangusa uso. "Lakini jina haikule bukari mu sahani. Jina haitalilia mama yake. Kyungu na Kabange batalia. Sasa weye unataka nini?"

"Wewe unasemaje, mama?"

"Miye sisemi. Mi nitapika. Unataka nini?"

Nilitafuta jibu la kiroho, sikulipata. Nikasema, "Nataka kusimama darasani mpaka kengele ilie." Na mara nilipolisema nilijua kwamba nimeamua, na kwamba nimeamua mimi. Nikalia kwa ajili ya yule mtoto, kwa jina lake, kwa sauti, na mama mkwe akalia nami. Akina mama wakatuacha tulie.

Mume wangu aliingia, suruali ina grisi ya mnyororo. "Mi naogopa kisu," akasema. "Naogopa ukifia mule." Hilo ndilo alilokuwa amelificha chini ya kofia, mwanamke wa sanduku nilimtunga mwenyewe. Nikamwambia, "Na miye naogopa, Baba Kyungu. Twende tukiogopa."

Kabla ya kwenda, akina mama waliniombea tena. Mama Debora safari hii alimwelekeza Mungu kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba katika Kenya: si hapa, Bwana, shuka, shuka tena, hapo! Hospitali nikamwambia Bwana Ilunga maneno yote, kuanzia mwanzo, damu, miaka, kitanda cha ndoa. Aliyatafsiri akinitazama usoni. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Mama. Bibi yangu, mama ya batoto, pia anasemaka ni ini." Na daktari akatuuliza kwa nini tunacheka.

Nilikatwa, na Bwana alinivusha. Niliamka na maumivu mapya, makali, ya juujuu, ambayo kila asubuhi yalikuwa na nguvu kidogo kuliko jana, na chini yake, mahali pa zamani, palikuwa kimya. Niliogopa kimya kile. Nililala nikikisikiliza. Mama mkwe alikuwa sakafuni karibu na kitanda, anasinzia ameketi, sufuria ya uji mapajani.

Nimesimama darasani mpaka kengele, ndugu zangu! Nimetembea kati ya madawati bila sababu yoyote. Utukufu kwa Mungu!

Lakini sitaki niwadanganye kwa ushuhuda uliopigwa pasi. Kuna shangazi mmoja wa mume wangu ambaye hajanisalimia tangu siku ile. Kuna siku nakunja nguo na mkono unatafuta ile kofia. Na haya haijaniacha. Naandika sentensi hii na ningependa kuifuta. Nilidhani ukombozi ungenifanya jasiri. Umenifanya tu mtu mwenye haya anayesema.

Basi ninyi dada zangu mnaosoma hili mkiwa mmekaa upande, kwa sababu kukaa sawa kunauma: siwaambii mkakatwe. Mmoja wetu alipewa dawa, ikamtosha. Mwingine daktari alimwambia angoje. Mama Debora bado anawaza, na tunawaza pamoja naye, hatumsukumi. Nawaambia tu mtegemeeni Mungu kwa jambo lenyewe. Alikuumba hapo pia, wala hakufumba macho alipokuwa anapaumba. Mwambie yeye, kisha mwambie daktari, na asiwepo mtu wa kuamua kabla hujajiuliza unataka nini.

Tunakutana nyumbani kwangu Alhamisi, baada ya kazi. Mama mkwe amekataa kurudi Bukama, kwa hiyo chakula kipo na matusi yapo. Anayeona haya kupita mbele ya majirani apite mlango wa nyuma, kupitia jikoni. Nitakuwa nimeketi hapo jikoni, na nitaanza mimi kusema.